Betri Juu ya Kichanja cha Kakao

Wiki iliyopita kompyuta yangu iligoma kuwaka. Nilikuwa ofisini, kazi zimenifika shingoni, nikabonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Kijana anayetutengenezea mashine pale jengoni akaja, wala hakuketi. Akachomoa chaja, akaniambia, "Dada, bonyeza hapo ushikilie. Usiachie mpaka nikwambie." Nikashikilia. Kidole kikaanza kuuma, na yale maumivu madogo ya ncha ya kidole yakaniletea harufu ya kakao iliyovundikwa, ule uchachu unaoganda kwenye nguo hata uzifue vipi. Nikaanza kucheka.

"Dada vipi, mbona unacheka peke yako?"

"Endelea na kazi yako," nikamwambia. Asingeelewa, mtoto wa juzi yule. Lakini ninyi wa rika langu, ninyi ambao kwenu betri za redio zilianikwa juu ya bati zipate nguvu za kumalizia taarifa ya habari, ninyi nawaambia.

Nilikulia kwa Bibi, mama yake Mama, huko Busale, Kyela. Kwetu mvua haina adabu. Inanyesha ikijisikia, inaacha ikijisikia, na ikishaacha, unyevu unabaki umekaa ndani kama mgeni asiyeaga. Viatu ukiviacha chini ya kitanda vinaota ukungu. Kiberiti kinagoma, chumvi inalia maji ndani ya kopo. Katika nyumba hiyo ndimo Mama alimoingiza kompyuta yake, mtumba uliopita mikono mingi kabla ya kumfikia, kubwa, ya kijivu, nzito kama tofali. Tulikuwa wanne pale nyumbani: Bibi, Mama, mimi, na Mjomba Gwakisa, mdogo wake Mama, aliyekuwa akiendesha bodaboda na kujiona anajua kila kitu chenye waya. Baba yangu hayumo kwenye kisa hiki na wala simtafutii nafasi.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mchana alifundisha, jioni alisomea shahada yake kwa masafa, akichapa kwenye ile kompyuta huku mbu wakimla miguu. Nilijua, jinsi watoto wanavyojua mambo bila kuambiwa, kwamba aliwahi kwenda chuo zamani akaacha katikati. Aliacha kwa sababu ya tumbo, na ndani ya tumbo nilikuwa mimi. Hakuna aliyewahi kunilaumu. Ila watu wazima walipofikia sehemu ile ya hadithi walikuwa wananitazama halafu wanabadilisha mazungumzo.

Safari hii alikuwa amebakiza kitu kimoja tu, utafiti wake, kitabu kizima alichokichapa mwenyewe. Alitakiwa kuufikisha Mbeya Jumatatu na kuutetea mbele ya walimu wake. Muda wa nyongeza alishapewa, na wa nyongeza ya nyongeza pia. Asipoupeleka Jumatatu ile, jina lake linafutwa. Hilo alilisema mezani, sote tukalisikia, na Bibi akaacha kutafuna.

Mimi nilisikia na jingine. Siku moja alikuwa uani anaongea na rafiki yake kwenye simu, anacheka kwa sauti ambayo hakuwa anaitumia nyumbani. "Nikimaliza hii kazi, shoga yangu, naondoka. Mbeya hiyooo!" Nikasimama nyuma ya jiko na kuni mkononi. Lazima mnielewe. Darasani kwetu watoto wengi walikuwa wa bibi. Mama zao walikwenda mjini, wengine Mbeya, wengine Dar, na walipokwenda walisema wanarudi. Wakawa wanarudi Krismasi na viatu visivyowatosha watoto wao, maana walikuwa wamekumbuka miguu ya mwaka uliopita. Kwa hiyo "naondoka" niliijua vizuri. Na niliona kinachomwondoa ni nini. Ni lile tofali la kijivu lililokuwa linammulika usoni kila jioni.

Sasa fikirieni furaha yangu siku kompyuta ile ilipokufa.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Mama alifungua, akabonyeza, hakuna kitu. Akaangalia ukutani kama umeme upo, upo. Akachomoa chaja akachomeka pasi mahali pale pale, pasi ikapata moto. Akarudisha chaja, kijitaa chake kikawaka kijani kibichi. Kompyuta yenyewe wapi! Mjomba akaja akaiinamisha, akaitikisa, akapuliza kwenye matundu, akaipiga kofi mgongoni.

"Gwakisa, hiyo siyo pikipiki yako!"

"Dada, mashine ni mashine. Hii plagi imelowa tu."

"Haina plagi!"

"Ndiyo maana haiwaki."

Nilikwenda kulala mapema. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Mwalimu wa Sunday school alitufundisha kwamba maombi ya watoto hayakai foleni, na mimi nikaitumia nafasi hiyo vizuri. Ee Kyala, nikasema, kwa Kinyakyusa ili kusiwe na kuelewana vibaya, usiiamshe. Amina.

Ijumaa Mama aliibeba hadi Kyela mjini kwa fundi mmoja. Alirudi jioni na uso ambao sikuwahi kuuona. Fundi alikuwa ameifungua akaitazama, akasema bodi imekufa, hapo hakuna namna, labda amuuzie kioo. Mama akakataa kuuza kioo. Na flashi alimokuwa ameweka nakala? Flashi ilishaliwa na virusi vya kompyuta ya shule. Mnavikumbuka vile virusi, unafungua unakuta majina ya mafaili yamejipanga vizuri, ukibofya ndani hamna kitu.

Hakulia. Nilijiandaa kwa kilio, hakikuja. Aliiweka kompyuta mezani, akaifunika na kile kitambaa cha kufumwa cha kwenye kochi, kisha akatoa kwenye msumari gauni lake la bluu alilokuwa ameshalipiga pasi kwa ajili ya Mbeya, akalikunja, akalirudisha sandukuni. Akaja jikoni, akavuta kigoda, akaanza kumenya ndizi pamoja na Bibi.

"Atu, umefanya kazi ya shule?" akaniuliza.

"Nimesahau, Mama."

"Basi, utafanya kesho."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mama yangu, mtu ambaye kazi ya shule isiyofanyika ilimtoa mishipa ya shingo, ananiambia basi! Aliendelea kumenya. Alikuwa pale, mzima, mikono yote miwili inafanya kazi, haendi popote. Ndicho nilichoomba. Lakini aliyekaa kwenye kigoda sikumjua. Alikuwa mpole kama mtu wa msibani, na upole ule ulinitisha kuliko fimbo.

"Mama," alisema hatimaye, anamwambia Bibi bila kumtazama, "labda haikuandikwa."

Bibi alitupa ganda la ndizi chini kwa nguvu. "Nani kakwambia? Umekwenda kusoma ilikoandikwa ukaona haipo? Nyamaza umenye ndizi."

Nilirudi kwenye magoti yangu. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kunifundisha jinsi ya kufuta ombi. Nikasema tu lile la jana liachwe, nilikuwa na haraka. Lakini moyoni niliona ombi la kwanza lilikuwa zito zaidi, nililiomba kwa roho yote, na hili la pili lilikuwa na woga ndani yake.

Jumamosi jua likatoka. Siyo jua la mzaha, jua lenyewe, milima ikaonekana mpaka kileleni. Mama aliondoka asubuhi kwenda kwa mwalimu mwenzake kuuliza kama anaweza kuazimwa kompyuta aandike upya angalau sura mbili za mwanzo, ingawa alijua kabisa kwamba kitabu kizima hakiandikwi kwa usiku mmoja. Alipopotelea tu kwenye migomba, Bibi akaniita.

"Gwe Atu. Lete ile mashine ya mama yako."

Nikaileta na kitambaa chake. Bibi akaigeuza tumbo juu, akaipapasa kama anavyompapasa kuku anayetaka kutaga, mpaka vidole vikakuta vile vibanio viwili. Akavisukuma. Betri ikatoka mkononi mwake. Akainusa! Akaniwekea puani na mimi. Ilikuwa na harufu ya nyumba yetu, harufu ya unyevu.

"Unaona?" akasema. "Imelala kwenye baridi mwezi mzima. Hata wewe ungewaka? Hii inataka jua. Redio ya babu yako iliishi hivi mpaka na mwenyewe akafa, redio bado inaimba."

Kwenye uwanja wa nyuma kulikuwa na vichanja vya kakao, mbegu zimetandazwa juu ya mikeka baada ya kutoka kuvundikwa ndani ya majani ya mgomba, nyekundu-kahawia, zinanuka siki. Bibi akasogeza mbegu kidogo, akailaza betri katikati yake. Kila alipopita kugeuza kakao kwa kiganja, aligeuza na betri, upande huu, upande ule, kwa heshima ile ile. Mimi nikaambiwa nikae barazani na mwili wa kompyuta uliobaki, kuku wasije wakaupanda.

Nikakaa. Nikafunua kitambaa. Nikakiona kitufe. Nikafikiri, kama ombi la pili limepokelewa, itawaka. Nikabonyeza. Kimya. Labda sijabonyeza vya kutosha. Nikabonyeza nikashikilia, nimefumba macho, naomba, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Nikaachia, nikabonyeza tena. Asubuhi nzima kazi yangu ilikuwa hiyo. Kwamba mashine isiyo na betri wala chaja haiwezi kuwaka hata mtume mwenyewe akishuka, hilo halikunijia. Niliona tu kwamba Mungu amekasirika na mimi, na kwamba Mama atakaa kwenye kile kigoda maisha yake yote akimenya ndizi kwa upole, na aliyemweka pale ni mimi. Nikalia pale barazani mpaka kuku wakanishangaa.

Mama alirudi alasiri mikono mitupu. Alipita uwanja wa nyuma, akasimama ghafla.

"Mama! Umeianika?"

"Nimeianika," Bibi akajibu, bila kuacha kugeuza. "Ulitaka niipike?"

"Mama, hii siyo betri ya tochi! Ikipata joto sana inalipuka! Utaunguza kakao yote, utaunguza nyumba!"

"Tangu asubuhi ipo hapa, hata chafya haijapiga."

Niwaambie ukweli, Mama alikuwa na haki, na asije mtu akaniambia nimemfundisha kuanika betri ya kompyuta. Ile yetu ilinusurika tu. Lakini nilivyomsikia anapiga kelele nilifurahi mno. Mishipa ya shingo ilikuwa imerudi! Wakawa wanabishana vizuri kabisa, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kinyakyusa, ndipo tone la kwanza likadondoka juu ya mkeka.

Mnaojua kakao mnajua kinachofuata. Ugomvi unakufa papo hapo. Kakao ikilowa baada ya kukauka ni hasara, basi kila mtu anakimbia. Bibi akashika ncha hii ya mkeka, Mama ile, mimi nikabeba ungo, na mvua ikatushukia kwa hasira. Betri ilikuwa imebaki peke yake kwenye kichanja. Mama aliirudia, akaificha ndani ya khanga yake kifuani, akaingia ndani amelowa chapachapa, ikatoka kavu. Nyuma yake akaingia Mjomba, naye anachuruzika, helmeti bado kichwani.

"Bado tu haijawaka?" akauliza. Akasikiliza habari ya betri, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka. "Subiri kwanza, Dada. Betri iacheni. Pikipiki betri ikifa si inawaka kwa kiki? Ipe umeme wa ukutani mtupu tuone."

"Gwakisa..."

"Tuone tu. Ina kipi cha kupoteza?"

Akachomeka chaja ukutani, akaingiza ncha yake kwenye kompyuta isiyo na betri, ina shimo tumboni. Tukaizunguka. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka inabidi kupaza sauti. Hakuna aliyebonyeza.

"Mimi sitaki," Mama akasema. "Nimeibonyeza mpaka nimechoka moyo. Atu, bonyeza wewe."

Nilitaka kukimbia. Nilijua mimi ndiye wa mwisho katika nyumba ile kustahili kushika kile kitufe. Bibi akanisukuma begani. Nikanyoosha kidole, kile kile kilichokuwa kinauma, nikasema moyoni, aende. Hata kama hatarudi, aende. Nikabonyeza.

Kitu kikaguruma ndani. Kijitaa kikawaka, kioo kikawa cheusi, halafu bluu.

"Msiguse!" Mama akapiga ukelele. "Mtu asiguse! Hakuna kupumua! Flashi, nipeni flashi, umeme huu utakatika sasa hivi!"

Mjomba akachomoa flashi yake kwenye funguo za pikipiki. Ilikuwa imejaa nyimbo alizokusanya tangu alipojua kukusanya. "Futa zote, Dada," akasema. Mama akafuta. Akatafuta utafiti wake, akaukuta mzima, akaunakili, nasi tukatazama ule mstari mdogo ukijaa, unajaa, unasimama, unajaa. Ukamalizika. Akaichomoa flashi, na hata hajaikunjia kiganja vizuri, radi ikapiga huko milimani, nyumba nzima ikawa giza.

Katika giza lile Bibi akasema, "Si nilisema ni jua."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba mashine za namna ile huwa zinabaki na umeme kidogo ndani yake unaozikwamisha, na dawa ni kutoa betri, kuchomoa chaja, na kukandamiza kitufe kwa muda mpaka ule umeme ulioganda umalizike. Bibi alishatangulia mbele za haki nilipolijua hilo, na hata angekuwepo nisingethubutu kumwambia.

Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja, flashi ameibana kifuani. Mjomba akawasha tochi ya simu. Ndipo sauti yangu ikatoka, ndogo, sikuiruhusu mimi.

"Sasa utaondoka."

"Nitaondoka kesho. Nalala Mbeya, Jumatatu naingia kwa walimu wangu."

"Halafu nitakuwa mtoto wa bibi."

Akageuka. Tochi ikamulika uso wake. Nikamwambia yote, simu ile ya uani, viatu vya Krismasi, ombi la kwanza na ombi la pili, kwa kwikwi, maneno yanagongana. Nilingoja anipige. Bibi alijifanya anatafuta mshumaa. Mama akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Nisikilize. Mara ya kwanza watu waliniketisha kwenye mkeka, wakaniambia nichague, chuo au mtoto. Nikakuchagua wewe, na sijajuta hata siku moja, umenisikia? Hata siku moja. Lakini safari hii hakuna atakayenichagulisha. Wala wewe. Nakwenda, na narudi. Jumanne jioni nipo hapa. Na nikukute umeoga."

Akaondoka Jumapili na lile gauni la bluu. Sikulia mpaka alipopotea. Jumatatu sikula vizuri. Jumanne nilioga asubuhi kabla ya shule, nikaoga tena niliporudi, na jua lilipoanza kuinama nikaona labda usafi wa mchana umeshachuja, nikachota maji tena, Bibi ananifokea kwamba nitabanduka ngozi. Nilikuwa katikati ya beseni, povu kichwani, niliposikia pikipiki ya Mjomba ikikata kona, na juu ya mngurumo wake sauti ya Mama ikiita jina langu toka mbali, kwa nguvu, kama anayehofia sitasikia. Nikatoka mbio hivyo hivyo nilivyo. Alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri, akanidaka na povu langu lote, gauni zuri likalowa mpaka kiunoni, wala hakunitua.